Uzi au mchezo: rafiki yangu anataka nichague

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31 na ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Mchana kutwa macho yangu yako kwenye skrini, na ikifika jioni mikono inadai kitu cha kushika. Kwa hiyo nadarizi, na nafuma krosheti. Ila sidarizi maua wala ndege, nadarizi gemu. Mto wa kochi langu umejaa vipande vya Tetris. Ukutani vizuka vinne vya Pac-Man vimejipanga, kila kimoja na rangi yake. Watu huniuliza nimewezaje kuoanisha mambo mawili yaliyo mbali hivyo, nami sioni mawili. Picha ya gemu ya zamani ni miraba iliyojazwa rangi, na kitambaa cha kudarizi ni miraba inayongoja kujazwa. Kwangu ni kitu kimoja.

Kingine ninachokipenda ni meza. Tuko marafiki watano, na huu ni mwaka wa nne tunakutana kila Jumamosi jioni kucheza. Tulianza na Catan, mchezo wa ubao wa kujenga makazi na kubadilishana mali, tukapitia michezo mingi ya karata na ya ubao, na tangu mwaka jana tumo kwenye Dungeons & Dragons. Kwa asiyeijua: mmoja wetu ni msimulizi, na sisi wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza tulipo na kinachotukabili, sisi tunasema wahusika wetu wanafanya nini, na dadu zinaamua kama tumefaulu. Msimulizi wetu ni rafiki yangu tangu tukiwa shuleni. Huandaa kila kipindi kwa siku kadhaa, na ramani anazichora mwenyewe kwa kalamu.

Miezi mitano iliyopita nilianza kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuishika. Nadarizi skrini nzima ya Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 1989, pikseli kwa pikseli. Miraba 160 kwa upana, 144 kwa kimo. Ukizidisha unapata mishono 23,040, kwa vivuli vinne vya kijani. Siku za kazi narudi nimechoka, kwa hiyo nikaanza kubeba kitambaa changu hadi mezani Jumamosi. Mwanzoni hakuna aliyesema neno.

Jumamosi tatu zilizopita kundi letu lilifika kwenye mlango wa mawe tuliokuwa tukiutafuta tangu mwanzo wa safari. Msimulizi akashusha sauti, akaeleza taa zilivyozimika moja baada ya nyingine, akaeleza kilichosikika nyuma ya mlango. Kisha akamgeukia mhusika wangu, maana ndiye aliyesimama mbele. "Unafanya nini?" Mimi nikajibu, "Subiri... kumi na saba, kumi na nane." Wenzangu wakacheka. Dakika kumi baadaye ikatokea tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Akaweka karatasi zake chini akaniambia mbele ya wote, "Chagua. Uzi au mchezo." Akaongeza kwamba nakaa pale kama abiria anayengoja basi lake.

Nilikunja kitambaa nikaondoka, na sijarudi. Wawili kati yetu wameniandikia kusema alikosea. Wa tatu yuko kimya, na msimulizi mwenyewe pia yuko kimya.

Shangazi, mimi sikuwa nikimdharau. Mikono yangu ikiwa na kazi nasikiliza vizuri zaidi, hata kwenye vikao vya kazini nisipochorachora pembeni mwa daftari natoka sikumbuki kitu. Halafu kuna mmoja wetu anayeshika simu kila zamu ikimpita, na hajawahi kuambiwa achague. Kinachoniuma zaidi ni kwamba vile vikaragosi vya wahusika wetu, vyote vinne, nilivifuma mimi kwa krosheti. Mifuko ya dadu niliishona mimi. Kila Jumamosi huyo huyo msimulizi ndiye anayevitoa kwenye sanduku na kuvipanga mezani kabla hatujafika. Yaani uzi wangu ukiwa kikaragosi ni mzuri, ukiwa mkononi mwangu ni tusi?

Niache kudarizi mezani, au niiache meza?

Mfumaji Asiye na Meza

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: "kumi na saba, kumi na nane." Nadhani kesi yako yote iko ndani ya maneno hayo, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo, halafu ndipo nifike kwa rafiki yako na lile basi lake.

Kwanza, nakuamini unaposema unasikiliza vizuri mikono ikiwa na kazi. Si kisingizio. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Jackie Andrade alitoa matokeo ya jaribio lake kuhusu jambo hili hili. Watu 40 walisikilizishwa ujumbe wa simu wa kuchosha, wenye majina ya watu na ya mahali. Nusu yao walipewa karatasi yenye maumbo madogo wayapake penseli huku wakisikiliza. Walipoulizwa baadaye, waliokuwa wakipaka walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wale ambao hawakupaka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kazi ndogo ya mkono inaizuia akili isipotelee kwenye ndoto za mchana. Hayo ndiyo yanayokutokea wewe kwenye vikao vya kazini.

Lakini tazama walichopewa mkononi: maumbo ya kupaka. Hawakutakiwa wapake vizuri, hawakutakiwa waharakishe, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Wewe ulikuwa ukihesabu. Ukidarizi kwa kufuata mchoro wa vivuli vinne, kila hatua unauliza: mraba huu ni kivuli gani, vinafuatana vingapi, safu imeishia wapi? Na wengi wetu tunahesabu kwa maneno, kimoyomoyo, kwa sauti ile ile ya ndani tunayotumia kufuata anachosema mwenzetu. Jaribu leo: hesabu kuanzia moja hadi thelathini huku mtu anakusimulia habari, halafu umrudishie habari yake. Kitakachobaki ni kimoja tu, hesabu au habari.

Umeniambia kwamba kudarizi na gemu kwako ni kitu kimoja, na hilo ni kweli kuliko unavyodhani. Mwaka 1843 mwanahisabati Mwingereza Ada Lovelace, akiieleza mashine ya kukokotoa aliyoibuni Charles Babbage, aliandika kwamba ingefuma mifumo ya aljebra kama vile mtambo wa Jacquard unavyofuma maua na majani. Haikuwa tashbihi ya kupamba maandishi. Mtambo wa Jacquard ulifuata kadi zilizotobolewa ili kujua uzi upi uinuliwe, na Babbage alikusudia mashine yake ipewe maagizo kwa kadi za namna hiyo hiyo. Uzi na kompyuta ni ndugu wa siku nyingi. Basi ukifuata mchoro wa kudarizi unafanya kazi ile ile ya kichwa unayoifanya ukicheza: unasoma hali, unahesabu, unaamua hatua inayofuata. Kwa sababu ni kitu kimoja, vinagombea kiti kimoja. Ungekuwa unamenya maharage pale mezani, nadhani hata barua hii usingeiandika.

Kwa hiyo mimi siuoni uzi kuwa ndio tatizo. Tatizo ni mchoro.

Na kazi za uzi zisizo na mchoro unazijua wewe kunishinda. Chukua kikaragosi. Kichwa kinaanza na vitanzi 6 kwenye pete, mzunguko wa pili vinakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, na kuendelea hivyo. Ukipotea hesabu hapo, kichwa kinapinda. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Lakini ukishafika 36, tuseme, na duara limetosha, kuna mizunguko kadhaa ya kwenda tu, kitanzi juu ya kitanzi, huongezi wala hupunguzi. Weka alama mwanzo wa mzunguko na mikono itakwenda yenyewe, macho yakiwa usoni kwa anayezungumza. Huo ndio mgawo wa Jumamosi. Ukianza kupunguza ili kukifunga kichwa, kirudishe mfukoni.

Hata hiyo skrini yako ya Game Boy ina sehemu ya kwenda nayo. Siku za kazi, hata robo saa tu kabla ya kulala, tia uzi wa alama kila baada ya miraba 10, kwa urefu na kwa upana, kisha darizi mipaka ya kila umbo. Kinachobaki ni matumbo ya maumbo, kivuli kimoja, yanayojazwa bila kutazama mchoro. Hayo ndiyo uyabebe, na sindano moja iliyokwisha kutungwa uzi. Mkasi na mafundo ya nyuzi yaache nyumbani, maana karata na sufu inayonyonyoka havipatani.

Hapa nataka tukokotoe kidogo, kwa kuwa nahisi kuna haraka iliyokuingia. Mishono 23,040, na tuseme unapiga 100 kwa saa. Ni saa 230. Mkicheza kwa muda wa saa nne unatoka na mishono 400, chini ya asilimia 2 ya kazi yote. Hicho ndicho ulichopata kwa kuliuza lile tukio la mlango wa mawe. Nimeiandika hesabu hii polepole kwa sababu nadhani hujawahi kuiweka hivyo mbele yako.

Tena michezo yenyewe haifanani. Kuna ile ambayo mwenzako anafikiri robo saa kabla hajasogeza kete. Humo unaweza kufuma soksi nzima na hakuna atakayenung'unika. Catan si hivyo. Dadu zikirushwa, hata kwa zamu ya mtu mwingine, wewe pia unaweza kupata mbao au ngano yako, na mwenye zamu anaweza kukugeukia wakati wowote kukuomba mbadilishane. Aliyeinamisha kichwa anaichelewesha meza nzima. Ila kwenye Catan angalau kuna ubao: ukipotea, unatazama ubao unajua mko wapi. Dungeons & Dragons, tangu ilipotolewa mwaka 1974, inaweza kuchezwa bila ubao wowote. Kila kitu kimo katika maneno ya watu. Neno likikupita limekupita, na msimulizi hana njia ya kujua kama lile giza alilolitengeneza kwa siku kadhaa limewafikia isipokuwa kwa kuzitazama nyuso zenu.

Usiku ule nyuso nyingine zilikuwa zikimtazama. Kwako aliona utosi.

Nimemfikiria sana huyu kijana. Ameshusha sauti, amezizima taa zake moja moja, amekugeukia wewe, rafiki yake wa tangu shuleni, katika saa aliyoingoja tangu mwanzo wa safari, na jibu alilopata ni namba. Mara ya kwanza amevumilia. Mara ya pili amepasuka. Alichosema kuhusu abiria na basi ni kibaya, na kukisema mbele ya wote ni kibaya zaidi. Anakudai radhi, nawe una haki ya kumwambia hivyo. Lakini neno lenyewe lilikuwa na maana gani? Abiria yupo kituoni kwa sababu ya kwenda kwingine. Alikuwa akikuambia kwamba amekukosa, ukiwa umekaa mbele yake.

Kuhusu vikaragosi nitasema jambo litakalokuchoma kidogo. Ulivitoa zawadi. Zawadi haimnunulii mtu ruhusa, na ukiitaja siku ya ugomvi inageuka deni, na waliopewa wanaanza kuona uzito kuishika. Usiitaje. Badala yake soma tena ulichoniandikia mwenyewe: ni yeye anayevitoa kwenye sanduku, ni yeye anayevipanga, kila Jumamosi, kabla hamjafika. Hakuna aliyemtuma. Mtu anayedharau kazi ya mikono yako hafanyi hivyo kwa mwaka mzima. Na kama kuna kiu nyingine nyuma ya maumivu yako, kwamba hakuna aliyewahi kukuuliza uliunganisha vipi ile mikono midogo au macho uliyapachika lini, basi hiyo ni kiu halali kabisa. Isemee siku yake. Mwambie mmoja wao, nataka kukuonyesha ninavyofanya. Watu wengi hawaulizi kwa sababu hawajui kuna cha kuuliza.

Na simu? Uko sahihi. Kama meza ina sheria ya macho, sheria hiyo ni ya wote, na mwenye simu naye aisikie. Ila usiende na simu ya mwenzako kama utetezi wako siku ya kwanza. Wale wawili waliokuandikia washukuru, lakini usiwaongoze vitani. Meza ya watu watano ikigawanyika pande mbili, yule aliyenyamaza ndiye atakayeumia, na pengine ananyamaza kwa sababu hiyo.

Sasa, la kufanya. Mpigie msimulizi simu, yeye peke yake, kabla ya Jumamosi. Usimwandikie, mmekwisha kunyamaziana wiki tatu. Anza na lako: "Usiku ule ulinigeukia nami nikakujibu namba. Nisamehe." Halafu nyamaza, umwache aseme. Akimaliza, mwambie lile la basi lilikuumiza na kwa nini. Kisha mpe pendekezo: kwamba utabeba kazi nyepesi tu, ile isiyohesabiwa, kwamba zamu yako ikikaribia sindano inalala, na kwamba akiona umepotea alitaje jina la mhusika wako, basi, bila hotuba. Muulize pia yeye ni nyakati zipi anataka macho ya kila mtu. Msimulizi anajua mapema penye mlango wa mawe. Anaweza kusema tu, "Sasa wekeni kila kitu chini," na hapo simu nayo itakuwa imeingia humo bila mtu kunyooshewa kidole.

Akikataa uzi wa aina yoyote? Basi mimi ningekuomba ukae Jumamosi mbili bila uzi, kwa moyo mmoja. Si kwa sababu ameshinda. Meza ni ya watano na kila mmoja hupunguza kitu chake ili iwepo. Baada ya hizo mbili utajua jambo ambalo sasa hulijui. Ukikuta umechangamka, umecheka, umeukumbuka mchezo njiani kurudi nyumbani, uzi utapata saa zake nyingine. Ukikuta mikono inakuwasha na dakika hazisogei, hata mwenzako asimulie vizuri namna gani, ujue mchezo huu wa maneno haukufai kwa sasa, na hakuna aibu kumwambia, "Nirudi kwenye usiku wa Catan, huu wa hadithi nawaachia ninyi." Huko ni kubadili kiti. Urafiki hauhusiki.

Kuiacha meza nzima kwa sababu ya sentensi mbili zilizosemwa kwa hasira, hapana. Hilo silikubali hata kidogo. Jumamosi za miaka minne hazipatikani dukani.

Halafu, nisaidie na mimi. Nimebaki nimesimama pale mbele ya mlango tangu nilipoisoma barua yako. Taa zimezimika, kuna kitu kinasikika upande wa pili, na mhusika wako ndiye aliye mbele. Utakapompigia rafiki yako, kabla hujakata simu, mjibu lile swali alilokuuliza.

Shangazi